Hereni Mbili za Kushoto

9 Februari

Kwako Profesa wa Mashine Inayotema Nta,

Mimi mzima. Mama yangu, shangazi yako, naye mzima isipokuwa magoti, na hayo magoti yana maisha yao wenyewe. Paka wa karakana amezaa ndani ya kikapu cha matambara ya kung'arishia, kwa hiyo siku hizi tunang'arisha fedha kwa shati langu. Mjomba, baba yako, anakula, anakohoa, anazitukana tupa kana kwamba zimemkopa. Hajakutaja. Najua hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta kwenye barua, nimekupa mapema ili mengine uyasome umetulia.

Usinipigie simu tena. Karakana ni chumba kimoja, unakijua, na Mjomba macho yamechakaa lakini masikio bado mapya. Ulipopiga juzi nilijifanya naongea na muuza gesi, nikakuita "mkuu, mkuu," mpaka akaniuliza tangu lini muuza gesi akawa na kicheko cha kike. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani.

Sasa neno lenyewe. Mikono ya Mjomba inatetemeka. Yeye anasema ni baridi. Baridi gani inayomshika mtu aliyekaa mbele ya tanuru? Wiki iliyopita mkebe wa plasta ulimtoka, na tangu siku hiyo kazi ya kuyeyusha na kuzungusha ni yangu. Amesema kabla mwaka haujaisha ataitoa chapa yake kwa mtu. Ile ile, kipande cha chuma chenye ua nchani, anachokigonga nyuma ya kazi iliyomridhisha tu. Mtu mwenyewe ni mimi, maana karakana ina kigoda kimoja na makalio yaliyo karibu ni yangu.

Tatizo ni moja. Anataka kwanza aone nimechonga kitu cha maana kwenye nta. Nimechonga jani, siku nzima, ulimi nje. Amelizungusha mkononi akaniuliza kama ni kijiko.

Basi binamu yangu mpenzi, mashine yako si inachora majani? Nitumie moja. Nitamimina mwenyewe, nitasema nimechonga mwenyewe, na wewe utabaki na thawabu.

Binamu yako,
Fundi Mkuu Mtarajiwa


2 Machi

Kwako Mvukuto,

Nakuita hivyo kwa sababu mvukuto ni chombo cha karakana chenye upepo mwingi na hakuna kingine ndani. Mwambie Shangazi namsalimia yeye na magoti yote mawili. Mimi nipo, nakaa chumba cha juu chenye dirisha linaloangalia dirisha la jirani, na jirani hapendi kuangaliwa. Chuoni kuna mwalimu anayevaa glavu hata akishika kalamu. Nimekonda, ila usimwambie mtu.

Kwa hiyo Baba hajanitaja. Asante kwa kuniwahishia dozi. Mimi pia naweza kukukumbusha mambo: nilipoomba kukaa kwenye hicho kigoda, alisema karakana ina kigoda kimoja na kazi ya moto si yangu, niende nikasome kompyuta. Nikaenda. Nikaisoma kompyuta mpaka ikanirudisha kwenye fedha kwa mlango wa nyuma, na hapo ndipo aliponuna. Alichosema mara ya mwisho ni kwamba mashine haichongi, inakojoa. Akakata simu, na hajaishika tena.

Nakuambia bila kuzunguka: chapa hiyo naitaka mimi. Naitaka kuliko cheti cha chuo hiki, na wewe unaitaka kwa sababu iko karibu na mkono wako. Lakini jani nitakutumia. Unajua kwa nini? Nataka Baba aishike kazi yangu bila kujua ni yangu, aiangalie kwa jicho lile la kuangalia kazi ya mtu baki. Halafu uniandikie alichosema, neno kwa neno, bila kuongeza upepo wako.

Na lipo sharti. Huku tunachora kwenye kompyuta, mashine inajenga umbo tabaka juu ya tabaka, kisha tunalipeleka kiwandani linarudi fedha. Kumimina kwenyewe hatugusi. Nimejaribu peke yangu, pete imetoka na matundu kama sponji. Nifundishe plasta na moto, kama Baba anavyofanya. Ukinificha kitu, majani yatakoma.

Jani limo ndani ya kiberiti. Hilo la zambarau ndilo lenyewe, usilitafune.

Profesa


11 Aprili

Kwako uliyetaka kuniua,

Sote wazima, si kwa hisani yako. Mama anauliza kama unakula. Nimemjibu huli, unanyonya mafuta ya mashine. Watoto wa paka wamefungua macho, na cha kwanza walichokiona ni mimi nikikimbia.

Nililifanyia jani lako yote ninayoifanyia nta. Nililisimamisha kwenye kijiti chake, nikalimwagia plasta ndani ya mkebe, ilipokauka nikautia mkebe tanuruni mdomo ukiwa chini ili nta iyeyuke itoke. Haikutoka. Kilichotoka ni moshi. Mjomba aliinua pua akauliza, "Nani anachoma viatu?" Nikasema jirani. Kisha mkebe ukapasuka ndani ya tanuru, pwaa, plasta ikamfuata paka mpaka barabarani. Mimi kwa ubishi niliokoa kipande nikakimiminia fedha hivyo hivyo, kikatoka kitu cheusi, kina mashimo. Nimemwambia Mjomba ni jaribio. Amesema jaribio la nini, la subira yake?

Hata hivyo mimi ni mtu wa ahadi. Plasta ni hivi. Maji kwanza, plasta baadaye, si kinyume chake. Inyunyize kidogo kidogo mpaka maji yaache kuimeza, ukoroge polepole kama mtu anayemchukia anayemkorogea. Ikiwa nzito kama rangi ya ukuta, acha. Kisha gonga kopo kwenye meza, gonga, gonga, mpaka mapovu yapande juu yapasuke. Pete yako imejaa matundu kwa sababu hukugonga, unaona aibu kupiga kelele mbele ya mwalimu wa glavu. Mjomba huweka sikio karibu na kopo. Anasema plasta yenye mapovu inanong'ona. Mimi sijaisikia, ila naweka sikio ili anione nimeweka.

Fedha huyeyushwa juu kabisa, kwenye kikombe cha mdomo wa mkebe. Ikiyeyuka ikang'aa kama jicho, tia boraksi kidogo, ule unga wa kuisafisha, shika mnyororo unaobeba mkebe, zungusha mkebe mzima hewani, nguvu ya mzunguko iisukume fedha iingie ndani. Ukianza usisite. Ukisita imekumwagikia.

Sasa sema jani lako lina laana gani.

Mvukuto (nimelipenda jina, lina heshima)


6 Mei

Kwako Mchoma Viatu,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za chuo nikacheka mpaka mlinzi akanipa maji. Salamu kwa Shangazi, salamu kwa paka, na pole kwa jirani aliyesingiziwa.

Ewe binamu, ile si nta. Ni utomvu unaogandishwa kwa mwanga, na wenyewe hauyeyuki, unaungua. Kabla ya kuungua unavimba, na ukivimba haraka unapasua plasta. Ilikupasa kupandisha moto pole pole, kwa muda mrefu kuliko nta, kisha kuuacha juu sana mpaka majivu yote yaishe ndani. Ukiona mdomo wa mkebe bado mweusi, bado. Ukiwa mweupe, mimina. Najua nilipaswa kukuambia kabla. Nilidhani utauliza, nikasahau wewe huulizi, unavuma.

Nawe umenilipa. Niligonga kopo mpaka darasa la jirani wakaja kuuliza nani anahama. Pete ikatoka safi, nikajiona fundi. Siku iliyofuata nikaleta mnyororo. Nilianza kuzungusha vizuri kabisa, kisha mwalimu wa glavu akaingia, akapiga ukelele, nami nikasita. Fedha iko darini. Imetawanyika pale juu kama nyota, na haibanduki, na kila anayeingia karakana ya chuo anainua macho kisha ananitazama. Umesema usisite. Hukusema wataingia watu.

Nakutumia jani jingine. Safari hii mishipa ya jani nimeichora mwenyewe mmoja mmoja, sikuiachia kompyuta. Soma juu ya moto mara mbili kabla ya kuwasha.

Profesa wa Dari


20 Juni

Kwako Profesa,

Shikilia kiti. Huku wote wazima, Mama ameanza kutembea mpaka dukani kwa hasira za kupandishiwa nauli, na magoti yamekubali. Jani limetoka. Limetoka! Mdomo wa mkebe ulikuwa mweupe, nikazungusha, nikautumbukiza kwenye ndoo, plasta ikapukutika, nikaona jani la fedha likinitazama na mishipa yote.

Nilimpa Mjomba. Unataka neno kwa neno, haya. Alilipeleka dirishani. Alilishika kwa mikono miwili kwa sababu ya ile baridi yake. Alikaa nalo muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye harusi yangu. Akasema, "Nani kakufundisha mshipa huu?" Nikasema Mungu. Akasema, "Mungu hawezi kuwa na subira na wewe kiasi hiki." Hakulipiga chapa, lakini hakulirudisha pia. Liko mfukoni mwa shati lake.

Nimekuletea kazi nyingine. Kuna mteja, mama mmoja mnene hivi, humjui. Ana hereni moja, nyingine ilimpotea hospitalini miaka iliyopita. Anataka mwenzake. Mjomba amesema nikimridhisha mteja huyu, chapa ni yangu. Hereni nimeifunga kwenye pamba ndani ya kifurushi hiki. Iingize kwenye mashine yako inayosoma maumbo, tengeneza nyingine kama hiyo, nirudishie zote. Fanya haraka, mteja ana presha.

Usiniulize maswali mengi juu ya mteja.

Mvukuto


30 Julai

Profesa,

Umekufa? Kama umekufa, nirudishie hereni kwanza.

Salamu zitafuata hali ikitulia. Mteja anaulizia. Juzi amemwaga droo zote chini, akamfukuza paka, akapekua mpaka ndani ya viatu vyangu nikiwa nimevivaa. Yaani, mteja alikuja, na Mjomba kwa kumuonea huruma akamwaga droo. Nimemwambia iko kwenye dawa ya kuondoa kutu. Ameniuliza dawa gani ya mwezi mzima. Nimesema ya kigeni.

Hajala vizuri. Mjomba, nasema, siyo mteja. Anakaa kwenye kigoda anaangalia ile misumari ukutani pale hereni ilipokuwa inaning'inia. Mimi nimezoea kumuona anatukana. Huyu asiyetukana simjui, na ananitisha.

Andika. Hata kama ni matusi, andika.

Mvukuto


24 Agosti

Kwako Mvukuto,

Sijafa. Nilikuwa na kazi. Salamu kwa Shangazi.

Mpe pole mama mnene. Ni mtu wa ajabu sana: hereni yake naona ina alama ndogo ya jino pale chini ya jani, kama vile alikuwa na mtoto aliyembeba upande wa kushoto, na mtoto akiota meno, akawa anaitafuna mama akipika. Fedha ni laini, inakumbuka meno. Muulize kama mtoto huyo alipigwa. Nadhani hakupigwa. Nadhani mama alicheka, na baba akasema aiondoe kwa tupa, na mama akakataa.

Lakini uliniambia nisiulize maswali juu ya mteja, basi nimenyamaza.

Umesema nitengeneze nyingine kama hiyo. Nimetengeneza nyingine kama hiyo. Nimeisoma pande zote, nimepima mara nyingi kuliko ninavyopima kazi ya mtihani, ziko sawa mpaka unywele. Hata jino limo. Ukija na msasa wako ukalifuta hilo jino, Mvukuto, nitapanda basi nije nikufute wewe.

Zote mbili zimo, ya fedha na ya zambarau. Mimina vizuri. Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sitaki itoke na matundu kwa sababu ulikuwa unapiga soga.

Utaniambia mteja amesema nini. Neno kwa neno.

Binti wa mjomba wako


15 Septemba

Kwako bingwa,

Nakuandikia vidole vikinuka boraksi. Habari ya nyumbani ni hii moja tu: IMETOKA. Mama, magoti, paka, wote wamekuja kuiona.

Nimeigonga plasta mpaka meza imepata mguu mbovu. Nimeweka sikio kwenye kopo na, usinicheke, nimesikia. Kweli inanong'ona, kisha ikanyamaza, ndipo nikaacha kugonga. Moto nimeupandisha polepole, nimeukalia kama kuku. Nilipozungusha, Mama aliingia mlangoni akapiga ukelele, na sikusita. Nakuambia hilo kwa faida ya dari yako.

Nimeshika kipimo cha taya, nimepima hii, nimepima ile. Urefu sawa, upana sawa, jino sawa. Nimezigeuza, nimezipanga, nimezichanganya makusudi, nikashindwa kujua ipi mpya ila kwa mng'aro. Hazijapata kuwepo hereni mbili zinazofanana hivi duniani. Kesho asubuhi namkabidhi mteja. Anza kuniita Mzee wa Chapa.

Nimekuonea huruma kidogo, nikasema niseme. Ukiwa na shida yoyote ya fedha, kupiga chapa nitakupigia bure.

Mzee wa Chapa


2 Oktoba

Kwako wewe nyoka,

Mama anakusalimia na anacheka. Amekuwa akicheka tangu siku ile, anaacha sufuria anacheka, na hanisaidii.

Nilimpa Mjomba hereni zote mbili kwenye kitambaa cheusi, nikasimama wima nikingoja. Aliziangalia. Akaziangalia tena. Akamwita Mama asimame mwangani, akamshikia moja sikio hili, moja sikio lile. Lile jani, unalijua, limekunja ncha. La sikio la kushoto lilikunja ncha kuelekea shavuni, safi kabisa. La sikio la kulia lilikunja kuelekea kisogoni. Moja linakuja, jingine linaondoka. Mjomba akaniuliza kwa upole mkubwa, "Mwanangu, umewahi kumuona mtu mwenye masikio mawili ya kushoto?"

Nilipima urefu! Nilipima upana! Nani hupima sikio?

Kisha akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mama yako alipokuwa hai. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamletea maji, akayamwaga kwa kucheka.  Halafu akapitisha ukucha kwenye ile hereni mpya, chini ya jani. Akasema, "Nani anachonga jino la mtoto?"

Nikasema yote, na unanijua nikianza. Jani la kwanza, jani la pili, viatu vya jirani, mama mnene. Ndiyo, mteja alikuwa baba yako, usijifanye unashangaa. Ndiye aliyesema atakayemtengenezea mwenzake wa hereni ya marehemu ndiye atakayeshika chapa. Nilidhani atanirushia koleo. Aliuliza swali moja tu. "Aliishika hii ya zamani mkononi mwake?" Nikasema aliishika wiki nyingi. Akasema, "Mtu anayeweza kuchora mshipa ule hawezi kukosea sikio." Akaitazama ile misumari ukutani. Akasema, "Kama hakutengeneza ya kulia, basi ya kulia anayo."

Sikuelewa. Sote tulijua ya kulia ilipotea hospitalini. Yeye hakunifafanulia. Alichukua chapa, akailaza hereni mpya kifudifudi, akainua nyundo. Mkono ulitetemeka nikasema nimsaidie, akanitukana, nikafurahi kwamba amerudi. Aligonga. Ua limekaa upande, limeinama kama mlevi, lakini limekaa. Kazi isiyo ya mkono wake, imepigwa chapa yake, na ni hereni ambayo haivaliki na mtu yeyote mwenye kichwa cha kawaida.

Nikauliza, "Na mimi, Mjomba?" Akasema, "Wewe umemimina vizuri." Nakuapia alisema hivyo, neno kwa neno. Kisha akaongeza kwamba nina mdomo wa kuuza na huwa naupoteza kwenye moto, nihamie mbele kwa wateja wa kweli, na siku za kuzungusha mkebe nirudi nyuma. Kwa hiyo umeninyang'anya chapa bila hata kuinuka kwenye kiti chako huko. Nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo mpaka mwisho wa mwezi, kisha nina shughuli.

Jambo la mwisho. Jana seremala ameleta kigoda. Kipya, kirefu kidogo kuliko cha Mjomba, kimewekwa upande wa pili wa tanuru. Hakusema cha nini. Nikasema moyoni, ah, mzee amenionea huruma, nikakikalia. Bila kuinua macho kwenye kazi akasema, "Inuka. Kina mwenyewe."

Salamu hajakutumia. Ila ameniuliza mara mbili leo kama nimeshaandika. Na amesema nikuambie huo utomvu wako unanuka viatu vinavyoungua, kwa hiyo atakayeuchoma humu auchome mlango ukiwa wazi.

Aliyekuwa Mzee wa Chapa kwa siku moja


19 Oktoba

Kwako Mvukuto, binamu yangu, mmiminaji,

Mimi mzima. Nimelia kwenye barua yako mpaka nusu haisomeki, na paka hukumtaja, naomba uniandikie yuko vipi.

Haikupotea hospitalini. Mama aliivua mwenyewe akaitia kwenye kiganja changu akakifunga. Ya kushoto akasema nimpe Baba. Alisema, "Akikuuliza, mwambie unayo." Basi. Nami nikangoja aniulize. Nilingoja msiba wote, nikangoja nilipoondoka, nikangoja kwenye simu mpaka akaikata. Hakuniuliza kitu, nikasema na mimi sisemi. Tumefanana naye, na sijivunii.

Ulipoituma ile ya kushoto niliziweka pamoja kwenye meza yangu, ya kulia na ya kushoto, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ndiyo maana ulidhani nimekufa. Kugeuza umbo liwe la kulia ni kubonyeza mara moja tu kwenye kompyuta, hata wewe ungeweza. Sikubonyeza. Ningempaje Baba nakala ya kitu ambacho kimo ndani ya kisanduku changu? Na kumwambia ninayo nilishindwa, kwa sababu hajaniuliza. Nikatengeneza kilichobaki, ya kushoto nyingine.

Sasa ameuliza.

Mtihani wangu wa mwisho ni mwezi ujao. Nikishaumaliza napanda basi na mashine ndogo nimeishika mapajani, maana sitaiweka kwenye buti hata nikilipiwa. Shangazi aniwekee maji ya kuoga. Hasira zako zimalizie kabla sijafika, kwa sababu nitakuhitaji kwenye plasta. Mimi bado siisikii ikinong'ona, na ukimwambia Baba hivyo nitamkumbusha kijiko chako.

Kigoda changu ulishakikalia, kipanguse.

Na Baba akikuuliza nimejibu nini, mwambie naileta ya kulia, na mlango auache wazi.

Binti yake